Dini ya Mani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mani ni nani, na dini iliyokufa inanihusu nini?

Huenda umeshawataja wafuasi wake wiki hii bila kujua. Ukimwita mtu mzandiki, unatumia neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, zindiq, nacho Kiarabu kililitoa katika Kiajemi cha kale, zandik. Katika karne ya 3 kuhani mkuu wa Wazoroasta (wafuasi wa Zoroasta, nabii wa kale wa Uajemi), jina lake Kartir, alichongesha maandishi kwenye jiwe akijisifu kwa dini alizozipiga vita nchini Uajemi. Wamo Wayahudi, Wabudha na Wakristo, na mwishoni kabisa wametajwa hao zandik. Wanahistoria wengi huwatambua kuwa ni watu wa Mani.

Mani mwenyewe alikuwa mhubiri, mganga na mchoraji wa Babeli. Dini yake, ambayo hapa tutaiita Umani, ilianzia si mbali na ilipo Baghdad leo, ikafika Algeria upande mmoja na pwani ya China upande wa pili. Iliishi zaidi ya miaka 1,000.

Alizaliwa wapi, katika dini gani?

Alizaliwa mwaka 216 kusini mwa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Baba yake, Pattig, aliacha nyama, mvinyo na kitanda cha mkewe, akajiunga na kikundi cha wabatizaji walioishi kandokando ya maji. Walimwamini Yesu huku wakishika desturi nyingi za Kiyahudi, na waliosha kila kitu, hata mboga kabla ya kuzila. Baadaye alimchukua mwanawe akamlelea humo humo.

Kijana alianza kuwashinda kwa maswali. Kitabu cha Kigiriki kinachosimulia utoto wake kinaeleza jinsi mboga zilivyotoka damu zilipokatwa, na jinsi mtende ulivyotoa sauti kumkataza mtu asiukate. Kwa Mani hiyo haikuwa hadithi ya kuwatisha watoto. Iligeuka kuwa kiini cha mafundisho yake yote: kila kinachoota kina uhai wa mbinguni uliofungwa ndani yake, na uhai huo unaumia.

Huyo “Pacha” ni nani?

Ni mjumbe wa mbinguni ambaye Mani alisema ndiye nafsi yake ya juu, pacha wake wa nuru. Alimjia mara ya kwanza akiwa na miaka 12, akamwambia anyamaze kwanza. Alipofika miaka 24 alirudi na kumwamuru atoke kwa wabatizaji aanze kuhubiri. Akatoka, baba yake naye akamfuata baadaye. Safari zake za mwanzo zilimpeleka mpaka bonde la Mto Indus, ambako aliwakuta Wabudha.

Kwa hiyo aliibuni tu dini yake?

Yeye angekataa neno hilo, maana alidai kufunuliwa. Lakini hakuna mwanzilishi mwingine wa zama zile ninayemjua aliyeipanga dini yake namna ile, kama fundi anayechora ramani ya nyumba kabla ya kuchimba msingi. Katika kitabu alichomwandikia Mfalme Shapur I wa Uajemi, alisema hekima ya Mungu ililetwa zamani na Budha nchini India, na Zoroasta nchini Uajemi, na Yesu katika nchi za magharibi, na sasa imekuja kwa mkono wake yeye Mani katika nchi ya Babeli. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, ndiye aliyetuhifadhia kauli hiyo. Anaongeza kwamba Mani alijiita Msaidizi aliyeahidiwa na Yesu, na muhuri wa manabii.

Kisha Mani alitazama ni wapi waliomtangulia walipopwaya. Walihubiri, wakafa, wanafunzi wao ndio wakaandika na kugombana. Basi yeye akaandika mwenyewe. Vitabu vikuu vilikuwa saba kwa Kiaramu cha kwao, pamoja na kile cha mfalme kwa Kiajemi. Waliotangulia walikuwa na lugha moja na nchi moja. Yeye akaagiza tafsiri tangu siku za mwanzo. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, akachora kitabu kizima cha picha kinachoonyesha vita vya Nuru na Giza. Washairi wa Kiajemi waliendelea kumtaja kama bingwa wa uchoraji karne nyingi baada ya dini yake kuzimika, hata wale waliomwona kuwa nabii wa uongo.

Zaidi ya hayo kulikuwa na ngazi za uongozi: mkuu mmoja, walimu 12, maaskofu 72 na wazee 360.

Wamani waliamini nini hasa?

Misingi miwili na nyakati tatu. Misingi ni Nuru na Giza, na hapa ndipo Mani alipoachana na Uyahudi na Ukristo: Giza halikuumbwa na Mungu, wala si malaika aliyeasi. Lilikuwako tangu milele. Zamani misingi hiyo ilikaa mbalimbali. Sasa imechanganyika. Mwishoni itatenganishwa tena, safari hii moja kwa moja.

Mchanganyiko ulitokeaje? Giza, ambalo ndani yake hakuna ila ugomvi, liliiona Nuru likaitamani, likaivamia. Baba wa Ukuu hakuwa na silaha za vita, maana katika milki yake hapakuwa na uovu wowote. Akamwita Mama wa Uhai, na huyo akamwita Mtu wa Kwanza, aliyeshuka akiwa amevaa wanawe watano kama deraya: hewa, upepo, nuru, maji na moto. Akashindwa. Giza likawameza wanawe. Lakini kumeza nako kulikuwa mtego, kama mvuvi anavyomwachia samaki chambo, kwa kuwa Giza sasa lina ndani yake kitu kisicho chake, na haliwezi tena kuishi bila hicho.

Ulimwengu huu ulijengwa baadaye kama mtambo wa kuichuja Nuru iliyomezwa. Adamu na Hawa? Wao, kwa mafundisho haya, waliumbwa na mashetani, ili Nuru ifungwe katika miili inayozaana na kifungo kiendelee kizazi hadi kizazi. Ndipo Yesu Mwenye Fahari akamjia Adamu, akamwamsha usingizini na kumwonyesha asili yake.

Siku ya mwisho ulimwengu utawaka moto kwa miaka 1,468. Ndiyo, wana hesabu kamili.

Mwezi unaingia wapi katika habari hizi?

Jua na mwezi ni majahazi mawili. Nuru inayookolewa hupanda kwa ile njia nyeupe ya nyota tunayoiona usiku wa giza, waliyoiita Nguzo ya Utukufu, ikapakiwa mwezini. Mwezi unapojaa hadi kufika mpevu, ndipo jahazi limesheheni. Unapopungua, linashusha shehena yake juani. Kwa jumuiya ya watu wanaotazama mwezi kila jioni, nadhani ni vigumu kupata somo la dini linalokaa kichwani zaidi ya hilo.

Tatizo ni kwamba Mani alikusudia jambo hilo kwa uhalisia wake, si kama fumbo. Tutaona lilivyomgharimu mfuasi mmoja.

Wateule na Wasikilizaji ni nani?

Ni tabaka mbili za waumini. Wateule walikuwa watawa: hawakuoa wala kuolewa, hawakula nyama, hawakunywa mvinyo, hawakumiliki chochote zaidi ya chakula cha siku na nguo ya mwaka. Hawakulima, hawakuvuna, hawakuchuma hata tunda, kwa sababu kuchuma ni kuijeruhi Nuru. Sasa mtu wa namna hiyo anakula nini? Anakula anacholetewa. Wasikilizaji waliishi maisha ya kawaida, wakiwa na wake, maduka na mashamba, na kila siku waliwapelekea Wateule chakula. Mlo ulikuwa mmoja kwa siku, na vilivyopendwa ni vitu vilivyoaminika kuwa na Nuru nyingi, kama matikiti na matango. Tumbo la Mteule ndilo lililokuwa chujio: Nuru inaachiliwa huko kupitia usafi wake, inapanda na nyimbo na sala zake.

Mwandishi Mkristo aliyewachukia anadai kwamba kabla ya kula Mteule aliuambia mkate: mimi sikukuvuna, sikukusaga, sikukuoka, ni mwingine aliyefanya hayo, mimi nakula bila hatia. Ametia chumvi au hakutia, sijui mpishi gani angefurahi kuyasikia hayo baada ya kusimama jikoni tangu asubuhi. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na mapatano ndani yake. Msikilizaji alisamehewa dhambi ya kuvuna kwa kuwa alivuna kwa ajili ya sadaka, na akifa angetarajia kuzaliwa tena, huenda safari hiyo akiwa Mteule.

Wanawake je?

Walikuwamo, wakiwa Wasikilizaji na hata Wateule. Katika ngazi za uongozi hawakuingia.

Walisali na kufunga vipi?

Wasikilizaji walisali mara 4 kwa siku na Wateule mara 7, wakielekea jua mchana na mwezi usiku. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika mwaka 987, anaeleza kuwa walijipangusa kwanza kwa maji yanayotiririka, kisha wakasujudu mara kadhaa. Jumapili ilikuwa siku ya kufunga kwa wote. Kila mwaka walifunga siku 30, wakifungua jua linapotua.

Msomaji Mwislamu hapa atainua nyusi, na swali hilo huulizwa sana. Wabatizaji, Wakristo wa Syria, Wayahudi na Wamani waliishi katika eneo moja, wakafunga, wakaoga na kusujudu kwa namna zilizokaribiana. Kufanana peke yake hakutuambii nani alijifunza kwa nani.

Mani alikufa vipi?

Shapur alimpa ruhusa ya kuhubiri katika milki yote, na Mani aliitumia kwa miaka karibu 30. Wafalme wakabadilika. Bahram I alimsikiliza Kartir, akamwita Mani mbele yake na kumtia gerezani mjini Gundeshapur, amefungwa minyororo mizito shingoni, mikononi na miguuni. Baada ya siku 26 akafa. Wengine huhesabu kuwa ni mwaka 274, wengine 277.

Wafuasi waliifanya siku hiyo kuwa sikukuu yao kuu, ile iliyohitimisha mfungo wa siku 30. Waliweka kiti cha enzi juu ya ngazi tano, wakakifunika vitambaa vizuri, na hakuna aliyekikalia. Picha ya Mani iliwekwa hapo, nao wakaimba mpaka alfajiri.

Ilifika Afrika?

Ilifika mapema mno, Mani akiwa bado hai: wajumbe wake walikwenda Misri. Na ni Afrika iliyotunza sehemu kubwa ya tunachokijua. Katika oasisi ya Dakhla, jangwa la magharibi la Misri, kulikuwa na mji mdogo ulioitwa Kellis. Wachimbaji walikuta humo nyumba za karne ya 4 na ndani yake barua za familia za Kimani. Si barua za maaskofu, ni za watu. Baba mmoja, Makarios, anamhimiza mwanawe Matthaios asiache kusoma zaburi na kunakili vitabu. Ndugu yake Matthaios, Piene, kijana mdogo, amechukuliwa na Mwalimu mkuu kusafiri naye huku akifundishwa Kilatini, bila shaka ili awafae katika nchi za magharibi. Wanaulizana habari za mafuta, nguo, nauli na wagonjwa. Ukizisoma hizo, yale majahazi ya mwezini yanapata wenyewe: watu waliokuwa wakituma salamu kwa majina, mmoja mmoja, mpaka karatasi ikaisha.

Magharibi zaidi, katika Tunisia na Algeria za leo, Kaisari Diocletian wa Roma alimwandikia liwali wake wa Afrika mwaka 302 akiamuru viongozi wa dini hii wachomwe moto pamoja na vitabu vyao. Kosa mojawapo alilolitaja ni kwamba imetoka Uajemi, nchi ya adui.

Je, ni kweli Mtakatifu Augustino alikuwa Mmani?

Ni kweli, kwa miaka kama 9, naye alikuwa Msikilizaji. Mzaliwa wa Thagaste, Algeria, alivutwa nao akiwa mwanafunzi wa miaka 19 mjini Karthago. Walimpa jibu la swali lililomkera: uovu unatoka wapi ikiwa Mungu ni mwema? Lakini alikuwa amesoma pia vitabu vya wanafalaki, akaona hesabu zao za kupatwa kwa jua zinatimia kwa siku na saa, ilhali maelezo ya Mani hayakukubaliana nazo. Akauliza. Wakamwambia angoje, anakuja Askofu Fausto, yeye atamjibu yote. Alingoja miaka. Fausto alipofika, Augustino alimkuta ni mtu mpole, mwenye ulimi mtamu, ambaye alikiri waziwazi kuwa mambo hayo hayajui. Augustino alimheshimu kwa ukweli huo, na imani yake kwa Mani ikaanza kufa siku hiyo.

Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliwashambulia bila huruma na kuwacheka kwa kuamini kwamba mtini hulia machozi ya utomvu tini linapochumwa. Kanisa la magharibi kwa karne nyingi lilimjua Mani kupitia kalamu ya mtu aliyemwacha.

Na pwani ya Afrika Mashariki?

Hapana. Kilichofika ni neno la kumtukania.

Neno mzandiki lilipataje maana ya unafiki?

Baghdad ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Khalifa al-Mahdi, aliyetawala 775 hadi 785, aliweka afisa maalumu wa kuwasaka mazandiki. Wamani wakajificha, wakaonekana Waislamu hadharani na Wamani nyumbani. Hivyo zindiq likawa jina la yeyote anayeonyesha imani moja na kuficha nyingine, kisha wa mwenye fikra za kutiliwa shaka, kisha wa mshairi asiyependwa. Kufika kwetu, Mani alikuwa ameshasahauliwa ndani yake, ukabaki uongo na undumilakuwili tu.

Mwanahistoria al-Masudi, wa karne ya 10, ana kisa nikipendacho. Khalifa al-Mamun alisikia habari za mazandiki kumi wa Basra, akaagiza waletwe. Mdoezi mmoja akawaona wakikusanywa, akasema moyoni, watu hawa hawakukutana ila kwa karamu, akajichomeka kati yao. Wakapandishwa chomboni, akafurahi zaidi, kumbe ni mandari! Minyororo ilipoletwa ndipo alipoanza kuuliza. Mbele ya khalifa walijaribiwa kwa mambo mawili: kuitemea mate picha ya Mani na kumchinja ndege. Kumi wakakataa, wakauawa. Akabaki wa kumi na moja, asiye kwenye orodha. Akaapa kwamba hamjui Mani wala mamaye Mani, yeye alifuata pilau tu, tuseme hivyo. Khalifa akacheka akamwachia.

Ukishacheka, rudi uhesabu. Waliokufa ni wale waliokataa kusema uongo.

Upande wa mashariki iliendeleaje?

Huko ilipata kilele chake. Wafanyabiashara Wasogdia wa Samarkand, Asia ya Kati, waliibeba kwenye misafara ya ngamia, ikafika China mwaka 694. Kati ya mwaka 762 na 763 Bögü, mtawala wa Wauyghur, watu wa nyika za Mongolia, alikutana na watawa wa Kimani katika mji wa Luoyang, akarudi nao nyikani na kuifanya dini ya dola. Hakuna dola nyingine iliyofanya hivyo. Mwaka 840 Wakirgizi waliivunja himaya hiyo, na miaka mitatu baadaye China ikaanza kuwapiga marufuku Wamani na kufunga mahekalu yao. Waliosalia walikimbilia kusini, katika jimbo la Fujian.

Kwa nini basi ilizimika?

Mateso yanaeleza mengi: Warumi, Wazoroasta, makhalifa na makaisari wa China wote waliipiga, na ni dini chache zilizopigwa na wote hao. Lakini Wayahudi pia walipigwa na wapo. Mimi naona udhaifu ulikuwa katika lile chujio. Wasikilizaji hawawezi kuokoka bila Wateule, na Wateule hawazai, hawalimi, wala hawawezi kujificha, kwa sababu mtu asiyekula nyama, asiyeoa na asiyechuma tunda hujulikana mtaani kwa siku tatu. Waondoe hao mia moja na waumini elfu kumi wanabaki na matikiti yao.

La pili ni ile sifa aliyojivunia Mani, ya dini yake kuvaa nguo za kila nchi. Kwa Wakristo alijiandika mtume wa Yesu Kristo; kwa Wachina akaitwa Budha wa Nuru. Mavazi yalikaa vizuri mno.

Ibn al-Nadim anasema ujanani mwake alijua Wamani wapatao 300 mjini Baghdad. Alipokuwa akiandika, hawakufika watano.

Tunayajuaje haya yote ikiwa vitabu vilichomwa?

Mpaka karne ya 20 tulitegemea maadui. Kati ya 1902 na 1914 misafara ya Wajerumani ilichimba Turfan, magharibi mwa China, ikatoa maelfu ya vipande vya maandishi, vingine vimepambwa kwa dhahabu. Mwaka 1929 wenyeji wa Medinet Madi, Misri, walipata vitabu vya Kikopti, lugha ya kale ya Misri, sehemu ikaenda Dublin na sehemu Berlin, na baadhi ya vile vya Berlin vikapotea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1969 ndipo kikafunuliwa kile cha Kigiriki cha utoto wa Mani, ambacho sasa kiko Köln, Ujerumani. Kurasa zake zina sentimita 4.5 kwa 3.5, mistari 23 kila ukurasa. Kinafichika ndani ya ngumi.

Kuna Mmani yeyote leo?

Kwa ukoo wa imani usiokatika, hapana. Lakini karibu na Quanzhou, katika Fujian, kuna hekalu dogo la mawe liitwalo Cao'an, na ndani yake sanamu ya mwaka 1339: mtu mwenye ndevu mbili zilizonyooka, mikono juu ya mapaja, na miali ya nuru imechongwa nyuma yake. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021, pamoja na maeneo mengine ya Quanzhou. Wanakijiji wamekuwa wakimfukizia ubani tangu zamani, wakimjua kuwa ni Budha mmojawapo.